Mfuko wa Upande wa Kulia

Kadibodi namba kumi na saba ilikuwa bado ukutani, na chini yake kijikaratasi chenye jina la picha: Usingizi. Picha yenyewe ndiyo haikuwepo. Ulibaki ukanda mwembamba pembeni, upana wa ukucha, pale gundi ilipokuwa imeshika.

Inspekta Ildefons Byabato wa upelelezi aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Afisa Utamaduni wa Mkoa alikuwa amepiga simu kituoni mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi, kana kwamba mpaka umevamiwa. Ilikuwa wiki ya Sabasaba, mwaka 1974. Mgeni kutoka Dar es Salaam alikuwa njiani, na maonyesho ya picha ambayo mkoa mzima ulikuwa umejisifia yalikuwa na pengo ukutani.

Ukumbi lilikuwa jina la heshima tu. Ukweli ni kwamba lilikuwa ghala la zamani la kahawa, nyuma ya studio ya Hamidi Bashiri, mpiga picha wa mjini. Hamidi na mkewe Shamsa walilipaka chokaa wenyewe, wakatundika picha ishirini na nne zilizogandishwa kingo tu kwenye kadibodi, bila vioo, kwa sababu Bukoba nzima haikuwa na vioo vya kutosha.

"Mlango?" Byabato aliuliza.

"Haujavunjwa," alijibu Shamsa. "Mwizi huyu aliingia mchana kama watu, akatoka mchana kama watu. Jana saa kumi nafunga, ndipo nikaona ukuta unanicheka."

"Na picha ilikuwa ya nini?"

Shamsa alimtazama mumewe. Hamidi aliangalia viatu vyake.

"Kijana amelala ufukweni," alisema. "Kichwa kipo juu ya wavu. Mkono mmoja uko kifuani."

"Kijana gani?"

"Unamfahamu, Inspekta. Wewe ndiye uliyenituma. Yule wa Rubafu."

Byabato alisimama wima. Aprili 1972 ziwa lilikuwa limetupa maiti ya kijana kwenye ufukwe wa Rubafu. Yeye siku hiyo alikuwa na kesi mahakamani, akamtuma Hamidi na konstebo mmoja wakapige picha. Wanakijiji walimzika jioni ileile. Hakuna aliyejitokeza kumdai.

"Umemtundika maiti ukutani, watu waje wamtazame na soda mkononi?"

"Hakuwa na mwenyewe," Hamidi alisema polepole. "Siku ile kila mtu alimtazama kama mzigo uliokwama. Nilitaka watu wamtazame kama mtu, Inspekta. Sikuandika popote kwamba amekufa."

Byabato alirudi kwenye kadibodi. Mkato ulikuwa umenyooka pande zote nne, wa mtu mwenye subira. Kwenye kona ya chini, pale wembe ulipogeuka, palikuwa na alama ya kijivu, nyembamba kama unywele. Aliigusa. Ikamwachia weusi wenye kung'aa kwenye ncha ya kidole.

"Kuna aliyeichukia picha hii?"

"Omary," Shamsa alisema bila kufikiri. "Omary wa mitumbwi. Siku ya ufunguzi alipiga kelele hapa mpaka Afisa Utamaduni akamwaga chai. Alisema itolewe, la sivyo ataitoa yeye."

Byabato alipekua kitabu cha wageni kilichokuwa mezani, akalikuta jina la Omary siku ya Jumatatu, akakifunga. Alikuwa na mtu wake, au alidhani hivyo.

Alimkuta Omary gatini, akipara samaki juu ya kreti lililopinduliwa. Mzee huyo alikuwa na mitumbwi miwili Rubafu na sauti ya kuitia mitumbwi kumi.

"Umekuja kunifunga?" aliuliza kabla ya salamu. "Nifunge. Lakini sikuichukua."

"Ulisema utaichukua."

"Nilisema, kwa sababu nina haya. Yule kijana nilimtoa majini mimi. Nilimwosha mimi. Kaburi nilichimba mimi na wanangu. Halafu naingia mjini kutazama picha, namkuta ananing'inia ukutani na namba!"

Byabato alinyoosha mkono. "Niazime kisu chako."

Kilikuwa kisu kipana, makali yameliwa, magamba yamegandia mpaka mpinini. Byabato alikipitisha kwenye jani la daftari lake. Karatasi ilichanika, haikukatika. Alikirudisha.

"Una kisu kingine?"

"Cha nini? Samaki hawachagui."

Ilikuwa wazi kwamba mzee hakuwa na hatia, na Byabato angeweza kuaga hapo. Lakini alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja zaidi, tabia ambayo mkewe aliilaani kila siku mezani.

"Kwa nini anakuuma hivi, mzee? Hakuwa ndugu yako."

"Kwa sababu ya mkono." Omary aliacha kupara. "Hakuwa na kidole cha mwisho. Kovu la zamani, la utotoni. Nikawaza, siku kidole hiki kilipokatika, mama yake alimbeba akilia naye. Nikaulaza mkono huo juu, kifuani, ili mama yake akija autambue upesi. Hakuja."

Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto.

"Wa kushoto?" Byabato aliuliza.

"Wa kushoto."

"Una hakika? Ni miaka miwili."

"Bwana Inspekta, nilimwosha!"

Jalada la kijana wa Rubafu lilikuwa kabatini kituoni, rafu ya chini, limepata harufu ya panya. Byabato alilifungua mezani kwake, akasimama akisoma. Mwanaume asiyejulikana, umri kama miaka ishirini na miwili. Shati jeupe. Alama ya pekee: kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakipo. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Aliyaandika maelezo hayo mezani hapohapo, akiangalia picha ya Hamidi, kwa sababu maiti ilikuwa tayari ardhini.

Nyuma yake palikuwa na karatasi nyingine, ya Mei 1972. Taarifa ya mtu aliyepotea. Mtoa taarifa: Ephrasia, mkulima, Muleba. Anamtafuta mwanawe Clavery, miaka ishirini na miwili, aliyeondoka kwenda kutafuta kazi kwenye mialo ya wavuvi ziwani. Alama: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatwa na panga akiwa mtoto.

Alimkumbuka mama huyo vizuri. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, miguu imejaa vumbi la safari. Byabato alilinganisha karatasi mbili, kulia na kushoto, akatoka akamwambia: "Mama, huyu siye wako." Hakumwonyesha picha. Aliona ni huruma kumkinga mama na sura ya maiti ya mtoto wa mwingine. Wiki iliyofuata Ephrasia alirudi kutoka Muleba na mkungu wa ndizi kichwani, zawadi ya kumshukuru. Byabato aliupeleka nyumbani, wakaula.

Alichukua penseli aandike. Ilikuwa butu. Akatoa wembe kwenye droo, akaichonga, kisha bila kuangalia akaupangusa wembe kwenye ukingo wa karatasi. Ukaacha mstari wa kijivu, mwembamba, unaong'aa.

Aliutazama mstari huo, ndugu wa ule wa kwenye kadibodi. Halafu akaichukua picha ndogo iliyobanwa kwenye jalada, akaisogeza dirishani. Kijana amelala juu ya wavu, mkono kifuani, kidole kimoja kimepungua. Shati lilikuwa na mfuko mmoja, wa kitambaa tofauti, umeshonwa kwa mkono. Mfuko ulikuwa upande wa kulia.

Byabato alijiangalia kifuani. Kalamu yake ilikuwa mfukoni, upande wa kushoto, mahali mafundi wote wanapoweka mfuko wa shati la kiume. Akafunga jalada, akatoka.

"Siku ile ya Rubafu," alimwambia Hamidi nusu saa baadaye, wamesimama kwenye chumba cha giza kilichonuka dawa, "ulisafisha picha namna gani?"

"Kama kawaida."

"Kumbuka."

Hamidi aliweka mkono juu ya mashine ya kukuzia picha. "Haikuwa kawaida," alisema. "Kishikio cha filamu kilivunjika springi mwezi ule. Nilikuwa naibana filamu katikati ya vioo viwili. Mlikuwa mnazitaka haraka. Nilitoa mbili ndogo za kwenu na ile kubwa, zote kwa mkupuo mmoja."

"Filamu unaweza kuilaza kifudifudi."

"Hilo ni kosa la mwanafunzi, Inspekta. Kulia inakuwa kushoto na..." Alivuta sanduku, akatafuta bahasha, akatoa kipande cha filamu, akakiinua kwenye taa. Alikigeuza mpaka tarakimu ndogo za pembeni zikasomeka sawasawa, dalili kwamba filamu haiko kifudifudi. Kisha akaangalia mkono wa kijana. Ulikuwa wa kushoto. Aliketi juu ya ndoo akafunika uso.

"Kitabu cha wageni," Byabato alimwambia Shamsa.

Safari hii hakutafuta mtu mwenye hasira. Alitafuta mtu mwenye penseli. Jumatano, saa nne asubuhi: Mwl. Jovita Kokushubila, Kashozi, pamoja na wanafunzi thelathini na mmoja. Mistari sita chini yake, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwa mwandiko uleule safi: Mwl. Jovita Kokushubila, Kashozi. Peke yake.

"Mwalimu?" Shamsa alishangaa. "Yule mpole? Alisema amesahau mwavuli. Nikamwacha ndani, nikaenda kuchota maji."

Darasa la Kashozi lilikuwa chini ya paa la bati, si mbali na kanisa la misheni. Watoto walitolewa nje kuokota kuni za jikoni. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na penseli zilizopangwa kwa safu, zote zimechongwa, na wembe umelazwa juu ya kipande cha kitambaa.

Jovita alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na alimtazama Byabato kama mtu aliyekuwa akimsubiri.

"Kwa nini uliandika jina mara ya pili, Mwalimu?"

"Kitabu kilikuwa mezani," alisema. Swali lilimshangaza. "Kila anayeingia anaandika."

"Hata anayekuja kuiba?"

Jovita alifungua daftari la mahudhurio, akatoa picha iliyolala katikati ya kurasa, akaiweka mezani mbele yake. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ni Clavery."

Byabato alivuta kiti cha mtoto, akakalia. "Wewe ni mtoto wa Ma Ephrasia wa Muleba."

"Ndiyo." Sauti ilianza kumkatika. "Niliwaleta watoto waone picha. Wakaniuliza, Mwalimu, huyu mbona amelala ufukweni? Nikatazama. Nilimaliza ziara, Afande. Niliwahesabu wote, nikawarudisha. Ndipo nikapanda gari kurudi mjini."

"Ulimtambuaje?"

"Sura yake. Na mfuko. Shati lake halikuwa na mfuko, nikamshonea kwa kipande cha gauni langu la zamani. Ulikuwa upande wa kushoto. Nami nimekaa tangu jana nikisema, hapa uko kulia, kidole nacho ni cha kulia, basi si yeye, ni mtu wa kufanana." Alifuta macho kwa kiganja. "Nimejitahidi sana kuamini kidole."

"Picha imegeuka, Mwalimu. Filamu ililazwa kifudifudi."

Jovita aliinamisha kichwa mpaka kwenye penseli. Alilia bila sauti, kwa sababu watoto walikuwa nje.

"Mama anakuja Jumamosi," alisema hatimaye. "Na akina mama wa UWT, wanaletwa na lori kutazama Sabasaba na picha. Ndiyo maana niliikata. Usimwambie, Afande. Nakuomba. Anaamini Clavery yuko Uganda, kwamba mambo ya mpakani yakitulia atarudi. Kijiji kilipoandikisha watu wa ujamaa, alimwandikisha. Kila wiki anafanya zamu mbili kwenye shamba la kijiji, yake na ya Clavery, ili akirudi wasimwite mtoro. Miaka sitini na mmoja, Afande. Ukimwambia, atalima kwa ajili ya nani?"

Byabato aliangalia picha. Angeweza kuandika kwamba haikupatikana. Afisa Utamaduni angepiga kelele wiki moja, halafu angesahau. Mama angeendelea na zamu zake mbili mpaka mgongo ukatike, akimlimia mtu aliyezikwa Rubafu chini ya majani, ambaye hakuna aliyemlilia. Na yote hayo kwa sababu yeye, Byabato, alimhurumia siku moja kwenye benchi.

"Nilimdanganya mara moja," alisema. "Sikujua. Sasa najua. Chukua mwavuli wako, Mwalimu. Twende Muleba."

Walifika Muleba saa kumi alasiri, Land Rover ya kituo ikichemka. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele na mibuni nyuma. Majembe mawili yaliegemea ukuta kando ya mlango. Moja lilikuwa kavu. La pili lilikuwa na udongo mbichi.

Ma Ephrasia alitoka akijifuta mikono, akamkumbatia bintiye, kisha akamtambua mgeni. Uso wake ulifunguka kwa furaha kiasi kwamba Byabato alitamani kurudi garini.

"Ta Byabato!" aliita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, bwana, karibu. Mmenikuta hivihivi na matope, nimetoka shambani sasa hivi. Leo ilikuwa zamu ya Clavery."

Aliwakaribisha ndani, wakaketi, akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Byabato alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka magotini, asichukue hata punje. Ma Ephrasia aliliona hilo. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Una habari," alisema.

"Nina picha, Ma. Nataka uitazame."

Aliipokea, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo wenye macho ya uzee. Alitazama kwa muda mrefu. Jovita aligeukia migombani.

"Masikini," Ma Ephrasia alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa watu. Anafanana naye sana. Lakini si wangu. Tazama kidole, waitu. Wewe mwenyewe uliniambia."

Byabato alisimama, akaichukua picha taratibu mkononi mwake, akaenda nayo mlangoni, jua la alasiri lilipokuwa linaingia. Aliigeuza, mgongo wa karatasi ukamtazama mama. Kisha akaiinua kwenye jua.

Mwanga ulipita kwenye karatasi. Kijana alitokea upya, hafifu, amegeukia upande wa pili. Mkono usio na kidole ulikuwa wa kushoto. Mfuko ulikuwa kushoto.

Ma Ephrasia alisogea. Aliweka kidole juu ya mfuko, hakukitoa.

"Mae," Jovita aliita kutoka nyuma. Mama.

"Nyamaza kwanza, mwanangu."

"Niliandika mimi," Byabato alisema. "Picha ilitoka kinyume, nami nikaandika kinyume, nikakurudisha nyumbani. Kosa ni langu, Ma Ephrasia. Si la mtu mwingine."

"Nilikuletea mkungu," alisema mama.

"Uliniletea."

"Nilitembea nao nikiimba."

Ndipo Ma Ephrasia akakaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akapiga ukelele mmoja mrefu uliowatoa majirani mashambani, na Jovita akamwangukia mabegani, wakalia wote wawili kwa Kihaya, wakimwita Clavery kwa majina yake yote ya utotoni. Byabato alibaki mlangoni ameshika picha. Na yeye alikuwa analia, wala hakujificha.

Majirani walipoanza kuingia uani, Ma Ephrasia aliinua kichwa.

"Nani alimwosha?"

"Mzee mmoja wa Rubafu. Anaitwa Omary."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake. Ndiye aliyeuweka mkono juu, ili ukija umtambue."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Alichukua picha, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, na Byabato hakumwambia kwamba ni kielelezo. Hamidi alisema kijana huyo hakuwa na mwenyewe. Alikuwa naye.

"Kesho asubuhi nitawapeleka Rubafu," Byabato alisema.

Ma Ephrasia alijiinua kwa kushika ukuta. Alipita majembe mawili pale mlangoni, lake na la mwanawe, akachukua lile lenye udongo mbichi. Aliukwangua udongo kwa kidole gumba mpaka chuma kikaonekana, kisha akampa Inspekta.

"Weka kwenye gari," alisema. "Ni la Clavery. Kaburi la miaka miwili litakuwa limeota majani."